Nchi Jirani: Reli ya Uhuru na Uso Mpya wa Chuma



Mwezi Septemba 2025, mjini Lusaka, ulitiwa saini mkataba wa kuifufua Reli ya TAZARA, inayotuunganisha na jirani zetu wa Zambia. Mkataba huo na kampuni ya Kichina una thamani ya dola za Kimarekani bilioni 1.4, nao ni wa miaka 30: miaka 3 ya matengenezo na miaka 27 ya uendeshaji. Yatupasa basi tujiulize: siku reli hiyo itakaporejea mikononi mwetu, nani atakuwa anajua kuitunza?

Reli hii, yenye urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kwa mkopo wa China usio na riba, ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976. Iliitwa Reli ya Uhuru kwa kuwa iliipatia Zambia, nchi isiyo na bahari, njia ya kusafirisha shaba yake pasipo kuwapigia magoti walowezi wa Rhodesia na makaburu wa Afrika Kusini.

Lakini chuma nacho huchoka. Katika kona za milimani kati ya Mlimba na Makambako, magurudumu husugua ubavu wa reli kila treni ipitapo. Penye maungio, chuma hupondeka. Nyufa ndogo huanza usoni, huzama ndani, na mwisho reli hukatika. Mara nyingi kipande kizima huondolewa kwa sababu ya milimeta chache zilizolika, ilhali mwili wake ungali imara.

Wataalamu wa Uingereza na Australia wamekuwa wakitafuta dawa ya ugonjwa huo. Uso ulioharibika husagwa mpaka ukawa safi. Kisha unga wa metali ngumu hupulizwa juu yake, na mwali wa leza huuyeyusha papo hapo, ukashikamana na reli kama ngozi mpya. Majaribio ya Chuo Kikuu cha Sheffield yameonyesha kwamba ngozi hiyo hustahimili msuguano kuliko chuma cha kawaida cha reli.

Hata hivyo, tusidanganyike. Chuma cha reli kina kaboni nyingi. Kikipata moto mkali na kupoa ghafla, huwa kigumu lakini chepesi kuvunjika kama kioo. Hakina budi kupashwa moto kwanza, na kazi yote kukaguliwa na fundi hodari. Wala leza haiponyi taruma lililovunjika, kokoto zilizozama topeni, au mtaro ulioziba.

Kwa hiyo, jambo kubwa ni ujuzi kuliko mtambo. TAZARA inazo karakana Dar es Salaam na Mpika, na huko Mpika kipo chuo chake cha mafunzo. Vijana wa nchi zetu mbili wafundishwe humo kupima uchakavu, kugundua ufa ungali mdogo, na kuurudishia chuma uso wake, kwa leza au kwa kulehemu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwaka 1976 tulikabidhiwa reli. Safari hii tuhakikishe kwamba tunakabidhiwa na ufundi wake.