Ekari Mbili za Kitale na Ulaya Isiyokuwepo

Kuna dai linalorudiwa mno katika madarasa ya sheria nchini Kenya: kwamba Ulaya mkataba ni karatasi, na kwamba mkulima wa Trans Nzoia anayenunua ekari mbili kwa dole gumba mbele ya mashahidi hajui mkataba ni nini. Mhadhara huu unalipinga dai hilo kutoka mzizi hadi jani.

Ulaya ipi? Ufaransa, kwa kifungu cha 1583 cha Sheria ya Madai ya 1804, mauzo hukamilika baina ya muuzaji na mnunuzi pindi wanapoafikiana kitu na bei, hata kabla fedha haijatoka wala shamba halijakabidhiwa. Notari huja baadaye, ili mauzo yaandikishwe na kutambuliwa na watu wengine. Uingereza imedai maandishi tangu 1677, ila kwa karne nyingi mahakama zake zilimlinda mnunuzi aliyekwisha kuingia shambani. Kinga hiyo iliondolewa na sheria ya 1989, na Kenya ikafuata nyayo mwaka 2003.

Ujerumani ndiyo inayostahili kusomwa polepole. Sentensi ya kwanza ya kifungu cha 311b cha Sheria yake ya Madai inataka mkataba wa ardhi uthibitishwe na notari, la sivyo ni batili. Inayofuata inasema mkataba huohuo uliokosa notari huwa halali kikamilifu mara umiliki unapohamishwa na kuandikishwa katika daftari la ardhi. Kanuni hiyo imo tangu sheria ilipoanza kutumika tarehe 1 Januari 1900, enzi hizo ikiwa kifungu cha 313. Taifa linalosifiwa kwa kushika utaratibu liliamua kwa makusudi kwamba utekelezaji huponya kasoro ya maandishi. Kweli, dawa yake ni daftari, si makazi, na mnunuzi wa Kitale asiye na hatimiliki asingepona kwa kifungu hicho. Lakini msingi wa fikra ndio huo.

Mwandishi wa mhadhara huu aliwahi kuwa karani katika ofisi ya wakili mjini Bungoma. Siku moja mama mmoja alitoa ndani ya mfuko wa mbegu za mahindi karatasi ya fulskepu iliyokunjwa mara nne. Bei ilikuwemo, awamu za malipo, ng'ombe mmoja aliyehesabiwa kama sehemu ya bei, mpaka kutoka mkuyuni hadi mtaroni, na sahihi ya liguru, yaani mzee wa kijiji. Kila sharti la makubaliano hayo lilikuwa limetimizwa. Kilichokosekana ni kibali cha bodi ya ardhi.

Hapo ndipo pagumu. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967, Sura ya 302, hubatilisha mauzo ya shamba la kilimo yasiyo na kibali. Ombi lapaswa kupelekwa bodi ndani ya miezi sita, na aliyekosa kibali hudai tu fedha alizotoa, hata kama bei ya ekari imepanda mara kumi. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ilitoa hukumu mbili zinazopingana juu ya jambo hilo. Mwaka 2018, ikiketi Eldoret, ambako rufaa za Kitale hupelekwa, iliegemea upande wa mnunuzi: muuzaji aliyepokea fedha na kukabidhi shamba analishika kwa amana, na Katiba ya 2010, ibara ya 10, inataka usawa.

Watetezi wa bodi wana hoja nzito. Bodi humzuia baba kuuza shamba la familia kimyakimya, na wake na watoto wengi wamenusurika kwa sababu yake. Hata hivyo, anayekimbilia ubatili mahakamani mara nyingi si mke. Ni muuzaji aliyekwisha kula fedha, au mwanawe, baada ya lami kufika. Kifungu cha 8 cha Sura hiyohiyo tayari kinaipa Mahakama Kuu uwezo wa kuongeza miezi ile sita penye sababu ya kutosha. Bei iliyolipwa yote, na makazi ambayo mke wa muuzaji aliyajua na kuyakubali, ni sababu ya kutosha, na Bunge lingefanya vyema kuliandika hilo waziwazi.