Kiambatisho Kisipofunguka Tusilaumiane

(Maneno ya Halmashauri kwenye mkutano wa wanachama)



Leo tuna jambo moja tu. Siku hizi bei na mikataba ya mazao inatujia kwa barua pepe. Barua ikifika na kiambatisho kikakataa kufunguka, maneno yanaanza: ati karani kaficha bei, ati mnunuzi ni tapeli. Jamani, tutazame kwanza jina la faili.

Likiwa winmail.dat, mara nyingi chanzo ni hiki: anayetuma anatumia programu ya Outlook ya Microsoft, na barua kaiandika kwa mtindo uitwao Rich Text. Hapo Outlook hufunga viambatisho vyote katika furushi moja, kwa njia yake yenyewe iitwayo TNEF. Outlook mwenzake analifungua. Mifumo mingine mingi haijui fundo hilo, basi inaonyesha furushi tu. Ipo njia ya wote, jina lake MIME, iliyotangazwa mwaka 1992. Kwa njia hiyo kila kiambatisho husafiri na lebo yake: hii picha, hii hati.

Sasa tufanyeje?

Kwanza, tumjibu aliyetuma siku ile ile, atume tena barua kwa mtindo wa HTML au wa maandishi matupu. Dawa iko kwake, siyo kwetu. Kubadili hati kuwa PDF peke yake hakutoshi, maana nayo itafungwa humo humo.

Pili, tusihangaike kubadili jina la faili. Kilichomo ndani hakibadiliki. Programu za kufungua furushi hili zipo, lakini hesabu za wanachama zisipelekwe kwenye tovuti tusiyoijua.

Tatu, kama barua yenyewe hatukuitegemea, tusibonyeze kitu. Tumpigie mnunuzi kwa namba tuliyo nayo siku zote.

Nne, na hili ndilo kubwa: mkataba ambao haujasomwa usitiwe sahihi wala dole gumba, hata mnunuzi akisema lori liko njiani. Akitutajia bei kwa simu, tuisikie, lakini tungoje hati. Lori litangoja, sahihi ikishawekwa hairudi.

Karani atabandika hapa ukutani kila mkataba ukishafunguka, ili kila mmoja ausome au asomewe. Asiyeelewa na aulize. Kuuliza si ujinga.

Ushirika ni kuaminiana, na kuaminiana ni kuelezana.

Halmashauri ya Chama