Mgeni Voi: Siku za Kwanza Katika Makao Mapya

(Maneno ya mazungumzo kwa wakazi waliohamia mjini)



Voi ni mji wa wasafiri tangu reli ilipopita hapa. Leo treni ya abiria ya Nairobi na Mombasa husimama hapa, na malori hupita barabara kuu usiku na mchana. Kila mwezi kuna familia inayoshusha magodoro mbele ya ploti fulani Kaloleni, Mbololo au njia ya kwenda Sagalla. Katiba, kifungu cha 39, inampa kila raia haki ya kuishi popote nchini. Kwa hivyo mgeni haombi ruhusa ya kuwa hapa. Lakini haki ya kuishi mahali ni jambo moja, na kujulikana mahali ni jambo lingine.

Chukua mfano wa familia iliyotoka Bungoma kwa uhamisho wa kazi. Baba ameripoti kazini Jumatatu. Mama yuko nyumbani na mtoto wa miezi minane. Usiku wa nne mtoto anapandwa na homa kali. Baba yuko zamu. Mama anasimama uani na mtoto mgongoni, simu mkononi, na hana nambari hata moja ya mtu wa Voi. Hajui zahanati iliyo karibu, hajui bodaboda gani ni wa kuaminika saa nane za usiku, wala hajui ni mlango upi wa kugonga. Dada yake yuko Bungoma, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Mwishowe anapiga hodi mlango wa kwanza. Bibi mmoja anafungua, anamshika mtoto shingoni, anaita kijana wa bodaboda anayemjua kwa jina, na kumwambia mama: "Mwanangu, siku nne umekaa hapa kimya. Ungebisha tu."

Mtoto alitibiwa. Lakini saa ile ya kusimama gizani si lazima impate mtu mwingine. Mambo haya yafanywe mapema.

Kwanza, watu. Siku ileile ya kuhamia, au kesho yake, mkazi mpya asalimie milango mitatu iliyo karibu na achukue nambari za simu. Kisha ajitambulishe kwa mzee wa mtaa na kwa chifu au naibu wake, akiwa na kitambulisho. Hilo si kujipeleka kuchunguzwa. Barua ya chifu huombwa katika shughuli nyingi, na chifu huandika kwa urahisi habari za mtu anayemjua. Aulize pia kuhusu kikundi cha Nyumba Kumi. Nambari za kukariri ni chache: 999 au 112 kwa dharura, 116 kwa mtoto aliye hatarini, na 1195 kwa mtu anayepigwa au kudhulumiwa nyumbani.

Pili, nyumba yenyewe. Pesa ya nyumba isilipwe kabla ya kuingia ndani na kuiona, na kabla ya kuhakikisha kwamba anayepokea ndiye mwenye ploti au msimamizi wake halisi. Majirani wanamjua, waulizwe. Mapatano yaandikwe, hata kwenye karatasi moja: kodi ni kiasi gani, amana ni kiasi gani, itarudishwa lini, na nani anatengeneza bomba likipasuka. Picha za ukuta uliopasuka, kitasa kilichovunjika na dirisha lisilo na kioo zipigwe kabla ya kuingiza kiti cha kwanza. Ujumbe wa malipo usifutwe kwenye simu. Wengi hupoteza amana kwa kukosa ushahidi tu.

Mita nazo zisomwe siku ya kwanza. Nambari ya mita ya maji na tarakimu zilizoko ziandikwe mbele ya msimamizi, ili deni la aliyehama lisimwangukie aliyehamia. Kwa umeme wa tokeni, nambari ya mita ihakikishwe kwenye mita yenyewe. Tarakimu moja ikikosewa, tokeni haitaingia katika mita yako.

Tatu, maji. Hapa mgeni kutoka nchi ya mvua hushangaa. Voi ni nchi kavu. Ingawa bomba kubwa la kutoka chemchemi za Mzima hupita likielekea Mombasa, mfereji haufunguki kila siku katika kila mtaa. Kabla ya kukubali nyumba, aulizwe jirani, si dalali: "Maji huja siku gani, na hukaa kwa saa ngapi?" Jibu hilo ndilo litakaloonyesha ni mitungi mingapi ya kununua.

Mvua kubwa hapa hutegemewa kati ya Oktoba na Desemba, na nyingine Machi hadi Mei. Paa la mita 6 kwa mita 5 likipata mvua ya milimita 10 huteremsha lita 300, yaani mitungi 15 ya lita 20, ukiacha kidogo kinachopotea. Kwa hivyo mfereji wa paa ni kitu cha kuzungumza na mwenye nyumba kabla ya mvua. Tangi lifunikwe, kwa sababu maji yaliyo wazi huzaa mbu. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, hasa yale ya mkokoteni ambayo hujui yalikotekwa.

Nne, afya na shule. Mtoto anapohama, kijitabu cha mama na mtoto kihamie naye ndani ya mkoba, kisifungwe kwenye gunia la vyombo. Chanjo ya surua hutolewa miezi 9 na tena miezi 18, na hizo ndizo chanjo zinazosahauliwa katika shughuli za kuhama. Zahanati yoyote ya umma itaendelea pale kliniki ya zamani ilipoachia. Wanaotumia dawa kila siku, za presha, kisukari au virusi vya Ukimwi, waombe barua ya uhamisho na dawa za kutosha kabla ya kuondoka, wasingoje ziishe. Usajili wa bima ya afya ya jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hufanywa kwa simu kwa kubonyeza *147#.

Kwa shule, barua ya uhamisho na cheti cha kuzaliwa viwe tayari. Chekechea za umma ziko chini ya kaunti, na maswali juu yake yapelekwe ofisi ya wadi.

Tano, ndovu. Mgeni asicheke. Mji huu umepakana na mbuga ya Tsavo Mashariki, na wenyeji wa pembezoni hawatembei kwa miguu alfajiri wala usiku bila kuuliza kwanza. Watoto wafundishwe: ndovu akionekana, hakuna kumkaribia, kumpiga picha wala kumrushia mawe. Rudini mlikotoka na mpigie Shirika la Wanyamapori. Nambari ya kituo cha karibu mzee wa mtaa anayo.

Mwisho, sauti. Anayetaka kuuza maharagwe au kufungua kinyozi aanzie ofisi ya kaunti kwa kibali cha biashara. Anayeuza chakula atahitaji pia cheti cha afya. Makadirio ya bajeti hufikishwa bunge la kaunti kufikia Aprili 30 kila mwaka, na mikutano ya kukusanya maoni hutangulia. Mkazi wa miezi mitatu ana haki ya kusimama pale na kuuliza habari za mfereji wa mtaa wake sawa na aliyezaliwa hapa. Na anayetaka kupiga kura Voi Agosti 10, 2027 ahamishe kura yake mapema katika ofisi ya IEBC ya eneo bunge.

Wenyeji nao wana sehemu yao. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini jembe hupewa mkononi; haliachwi shambani mgeni alitafute. Mkiona lori la vyombo limesimama mtaani, pitieni mpige hodi. Mwambieni siku ya maji, mwonyesheni njia ya zahanati, mwachieni nambari ya simu.

Yule mama wa Bungoma sasa ndiye hubisha hodi kila familia mpya inapoingia katika ploti ile. Huanza na maneno yaleyale: "Karibuni. Mtoto akiugua usiku, mlango wangu ni ule wa buluu."