Kijani huficha visiki

Ndugu msikilizaji, mimi ni mtu wa redio, na redio haina rangi. Nikisema hapa kwamba msitu ni wa kijani, wewe ndiye unayeupaka kijani hicho kichwani mwako. Labda ndiyo sababu sikushangaa sana jamaa yangu mmoja aliporudi kutoka Uingereza na kuniletea, badala ya shati, mikanda miwili ya filamu ya picha nyeusi na nyeupe. Wenzangu kazini walicheka. Walisema zama hizi kila mtu ana simu yenye kamera, sasa huo mkanda ni wa kazi gani?

Filamu yenyewe ni ya Ilford, inaitwa HP5 Plus, na inatengenezwa Mobberley, Uingereza. Kasi yake ni 400, maana yake haihitaji mwanga mwingi. Kila mkanda una picha 36, basi. Ukimaliza umemaliza. Wale wa rika langu na walionitangulia wanazikumbuka studio za mitaani na picha za ukutani. Kule Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na hadi leo picha zake nyeusi na nyeupe ndizo zinazotuonyesha Mji Mkongwe ulivyokuwa. Mimi nilipokuwa nikisomea stashahada ya uandishi wa habari tulifundishwa kidogo kusafisha picha katika chumba cha giza. Kamera ya siku zile ninayo bado. Nikasema, ngoja niijaribu filamu hii mahali pagumu. Na mahali pagumu kwa filamu ya namna hii ni msituni.

Nikachagua Kenyamonta, katika Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara. Najua, ukisikia Serengeti unaona nyika, nyumbu na magari ya watalii. Lakini Serengeti ni wilaya pia, yenye vijiji, mashamba ya mahindi na mihogo, shule na misiba. Kenyamonta ni nchi ya Wangoreme. Kwa Wangoreme, kama kwa jirani zao Wanata, Waikoma na Waikizu, yapo mahali ambapo mti haukatwi ovyo: penye chemchemi, penye kilima fulani, penye kijisitu ambacho wazee wanasema ndimo ilimo misambwa, yaani mizimu inayolinda nchi. Kijisitu nilichokiendea ni cha namna hiyo. Jina lake silitaji, na sababu utaisikia.

Nilipofika nilipelekwa na kijana mmoja, mura kama wanavyoita huko, hadi kwa mzee anayekiangalia kijisitu hicho. Nikamwamkia, nikakaa, nikaeleza shida yangu. Mzee akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja:

"Hizo picha zitakuwa za nani?"

Nikajibu harakaharaka, "Zangu, mzee."

Akacheka, lakini si kicheko cha furaha. Akasema, "Mwanangu, walikuja watu hapa Serengeti na kamera, wakapiga picha za nyumbu. Tukaambiwa mpaka wenu ni huu. Sasa wewe umekuja kupiga picha za miti."

Ndugu msikilizaji, ukimpima mzee huyu kwa miaka utasema alichanganya kidogo. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilitangazwa mwaka 1951, na ile filamu mashuhuri ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, waliohesabu wanyama kwa ndege iliyopakwa mistari ya punda milia, ilitoka mwaka 1959. Basi hifadhi ilitangulia kamera. Lakini mwaka huohuo wa 1959 mipaka ya hifadhi ilibadilishwa tena, na dunia nzima ikaijua Serengeti kwa picha zile za rangi: wanyama wengi, mbingu kubwa, na watu wachache mno. Mzee hakusoma vitabu, lakini jambo lenyewe analijua. Picha inaweza kuwaondoa watu mahali hata kabla askari hajafika.

Hata hivyo aliniruhusu. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba nisiipige picha chemchemi yenyewe. Nikakubali, na sharti hilo nililishika.

Mkanda wa kwanza niliumaliza wote siku hiyo, saa nne asubuhi, jua likiwaka. Nilifurahi kweli. Mwanga ulikuwa ukipenya katika majani ya mkuyu na kuanguka chini vipandevipande kama sarafu. Nikapiga hadi mkanda ukakwama.

Nyumbani nikaugeuza msalani kuwa chumba cha giza, nikaziba dirisha kwa blanketi. Dawa ya kusafishia inataka nyuzi joto 20, na maji yetu ya bomba yana joto zaidi ya hapo, kwa hiyo niliiweka chupa ya dawa katika beseni la barafu nililonunua kwa muuza samaki. Nikasafisha, nikaanika, nikatazama. Lahaula! Masizi na chokaa. Penye jua ni peupe pasipo kitu, penye kivuli ni peusi pasipo kitu. Mti wa miaka mingi ulikuwa kama nguzo ya lami.

Kosa lilikuwa langu. Jicho la mwanadamu likiwa msituni hujirekebisha lenyewe. Likitazama penye jua hujifunga, likitazama kivulini hujifungua, wala wewe huna habari. Filamu haina msaada huo. Penye jua kali, ukifunga tundu la lenzi hadi namba 16, filamu hii hutosheka na sehemu moja ya 500 ya sekunde. Hatua chache tu kutoka hapo, chini ya miti iliyosongamana, huweza kuhitaji mwanga mara 32 zaidi. Sasa mimi nilipima penye jua, halafu nikategemea kivuli nacho kionekane. Wapiga picha wa zamani wana kanuni yao: pima mwanga kwa ajili ya kivuli, na sehemu zenye mwanga uzitunze wakati wa kusafisha. Nilifundishwa chuoni, nikaisahau.

Nilirudi Kenyamonta mwezi wa Aprili, masika, siku ya mawingu mazito. Dalili ya mvua ni mawingu, naam, lakini kwa mpiga picha wa msituni mawingu ni neema, kwa sababu yanalitandaza jua lote likawa kama shuka moja. Vivuli vinalainika. Safari hii sikuwa na haraka. Nilikaa nusu saa kabla ya kubonyeza kamera mara ya kwanza, maana sasa kila picha ilikuwa na hesabu yake.

Nilikuwa na vioo viwili vya rangi vya kufunika lenzi, yaani vichujio. Nikasimama mahali pamoja, nikapiga picha tatu za miti ileile. Ya kwanza bila kichujio. Ya pili kwa kichujio cha manjano iliyochanganyika na kijani. Ya tatu kwa kichujio chekundu, ambacho hula mwanga mwingi, kwa hiyo niliiegemeza kamera kwenye gogo isitikisike. Kisha, kwa kulinganisha tu, nikatoa simu nikapiga picha ya rangi ya mahali palepale.

Picha ya simu ilikuwa nzuri kama kalenda, yote kijani. Ungesema msitu huu haujaguswa tangu dunia iumbwe.

Picha ya kichujio cha manjano na kijani nayo ilipendeza. Kichujio kile hupitisha mwanga wa majani, kwa hiyo majani yanakuwa meupemeupe, laini, yanang'aa. Hiyo ndiyo ungeitundika sebuleni.

Picha isiyo na kichujio ilinifanya nisogee karibu na taa. Majani yalikuwa ya kijivu kizito, na katikati ya kijivu hicho palikuwa na madoa meupe. Katika picha ya kichujio chekundu mambo yakawa wazi kabisa. Kichujio chekundu huzuia kijani, basi majani yote yakawa karibu meusi, na yale madoa yakang'aa kama meno. Yalikuwa visiki. Miti iliyokatwa karibuni, ambayo mti wake wa ndani bado ni mweupe. Nikahesabu 11 katika picha moja. Nikarudi kwenye picha ya simu, nikatafuta palepale, nikaviona 4 tu, tena kwa sababu sasa nilijua pa kutazama.

Tafakari hapo, msikilizaji. Mahali ni pamoja, siku ni moja, filamu ni moja. Kichujio kimoja kilificha, kingine kikafichua, na hakuna hata picha moja iliyosema uongo. Aliyechagua ni mimi. Na sisi tunaoandika na kutangaza habari tunavyo vichujio vyetu vilevile, ila havionekani kwa sababu si vya kioo.

Najua kuna atakayeuliza: picha ya visiki itasaidia nini? Huko Marekani alikuwako mpiga picha mmoja, Ansel Adams, bingwa wa picha nyeusi na nyeupe. Mwaka 1936 alikwenda Washington na picha zake za milima ya Sierra Nevada kuwaonyesha wakubwa, na mwaka 1938 akazitoa katika kitabu. Mwaka 1940 nchi ile ikatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Kings Canyon. Sisemi ni picha peke yake zilizofanya hivyo, lakini zilisaidia. Ila ona: mfano huo ambao kwangu ni wa kutia moyo, kwa mzee wa Kenyamonta ndio hasa anaouogopa. Picha, halafu hifadhi, halafu mpaka.

Ipo njia nyingine, nayo imo katika sheria zetu. Sheria ya Misitu Namba 14 ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu ulio katika ardhi yake na kuufanya msitu wa hifadhi wa kijiji. Mwenye mali anabaki kuwa kijiji. Walinzi ni wanakijiji, na sheria ndogo wanazipitisha wao katika mkutano wao mkuu kabla hazijakwenda halmashauri. Tatizo ni kwamba sheria haijipeleki yenyewe kwenye mkutano. Lazima mtu asimame aseme msitu unakwisha, na wengine wakubali kwamba unakwisha. Ni vigumu kukubali wakati kila ukitazama unaona kijani.

Nikamtafuta mpiga picha mmoja mstaafu ambaye bado ana mashine ya kukuzia picha, akanichapishia zile tatu kwa ukubwa wa kitabu. Nikazirudisha Kenyamonta.

Mzee aliipokea ile ya kichujio chekundu kwa mikono miwili. Hakusema kitu. Akaanza kuvigusa visiki kwa kidole, kimoja kimoja, akitaja kwa sauti ya chini kila kimoja kilikuwa mti gani, na ulikatwa kwa ajili ya nini. Huu mkaa. Huu boriti. Huu tena mkaa. Alipofika cha saba kidole kikatulia.

"Huu ni wa tanuru la matofali," akasema. "Matofali ya nyumba ya mwanangu. Niliambiwa ni mti uliokufa."

Sikuwa na la kusema. Mimi nilikuja kujaribu filamu, sikuja kumwonyesha mtu kisiki cha mwanawe. Baada ya kitambo akaniuliza tena lile swali la kwanza, kwa maneno yaleyale: hizo picha ni za nani? Safari hii sikujibu harakaharaka. Nikatoa bahasha ya negativu, nikaiweka juu ya picha, nikasema, "Zenu, mzee." Akaita mura mmoja azipeleke ndani.

Aliniambia atazipeleka kwenye mkutano wa kijiji yeye mwenyewe, na kwamba hatakiruka kile kisiki cha saba. Jinsi mkutano utakavyoamua ni juu yao. Mimi na wewe tungoje.

Kuhusu filamu, kama ulikuwa ukisubiri hukumu yangu, ni hii. Kwa msituni ni filamu nzuri, mradi uende siku ya mawingu, upime penye kivuli, na uyaweke maji yako baridi. Ni ghali, ni ya taabu, na picha 36 ni chache. Lakini uchache huo ndio ulionikalisha chini nusu saa nikatazama.

Na wewe utakayeyasoma maneno haya gazetini, usiitafute picha ile pembeni mwa safu hii. Haipo hapa. Iko Kenyamonta, kwa wenyewe.

Kwa leo naishia hapa. Panapo majaliwa tukutane tena juma lijalo, wakati kama huu.