KIFUU CHA FUTARI NA KALAMU YA CHUONI

(Maneno yaliyotolewa kwa vijana baada ya tarawehe)

  

Naanza na kosa langu. Mwaka jana, nikisomesha chuo huku Likoni, nilimrudisha mtoto nyumbani kwa kuwa hakuja na kalamu wala daftari. Nilidhani namfunza nidhamu. Siku ile ile darsa letu lilikuwa sura ya Al-Alaq, na nyote mwajua kwamba aya zake za mwanzo, ambazo ndizo za kwanza kuteremka, zataja kalamu. Nasomesha kalamu, na aliyeikosa nimemfukuza! Mtasema kalamu ya plastiki bei yake haishindi chapati mbili. Ni kweli. Lakini kwa mama wa watoto wanne, mwenye kibarua cha leo kipo kesho hakipo, chapati mbili ndizo daku.

Sasa hebu tazama jaa la nyuma ya nyumba yako mwezi huu. Mbaazi za nazi, wali wa nazi, samaki wa kupaka. Kila jioni twakuna nazi, na vifuu twatupa. Nenda soko la Kongowea uone makumbi na maganda ya madafu yalivyorundikana. Wako wanaovitia jikoni vikawa kuni, na hao wamefanya vyema, ila vingi huishia mtaroni. Na kifuu hicho ndugu zangu, ni wino.

Wino mweusi wa zamani hauna siri: masizi au unga wa makaa, gundi na maji, basi. Msikiti wa Suleymaniye kule Istanbul, uliokamilika mwaka 1557, ulijengwa hivi kwamba moshi wa taa zake ukivutwa hadi chumba kilicho juu ya mlango, na masizi yake yakikusanywa kufanyiwa wino. Moshi wa taa za sala, hata huo hawakuupoteza! Na hapa petu, Siyu katika kisiwa cha Pate, walikuwako mafundi wa kunakili misahafu kwa mkono na kuijalidi. Karatasi zilitoka Ulaya kwa njia ya bahari, lakini mkono na ujuzi ulikuwa wao.

Fanya hivi. Kausha vifuu juani, viparue nyuzi, uvivunje vidogo vidogo. Vitie ndani ya kopo la bati lenye kifuniko, utoboe tundu moja dogo, kisha uliweke motoni nje, si chumbani. Moshi ukikoma tunduni, epua, lakini usifunue mpaka kopo lipoe kabisa. Ukifanya haraka, hewa itaingia na makaa yatageuka jivu. Twanga, saga, uchekeche kwa kitambaa chepesi, tena na tena. Hapa ndipo vijana huchoka, na unga ukiwa na chenga wino utakwaruza. Loweka gundi ya mgunga, ile itokayo pande za Garissa na Isiolo, uchanganye na unga huo mpaka uwe mzito kidogo. Tia punje mbili za karafuu usiote ukungu.

Kalamu ni ya tete au mwanzi mwembamba. Ichonge kwa mshazari, uipasue ncha katikati ili wino ushuke.

Nasema wazi, wino huu haufai daftari la mtihani, maana ukilowa watoka. Mwenye duka asinikasirikie. Lakini kwa ubao wa chuo huko kutoka ndiko tunakokutaka: mtoto ahifadhi, aoshe, aandike tena. Na maji yale, kama wazee walivyotufunza, hayamwagwi panapokanyagwa.

Jumamosi baada ya Laasiri tutachoma kopo la kwanza hapa uwanjani. Kila mmoja aje na vifuu vya futari yake. Yule mtoto niliyemrudisha, nimekwenda kwao nikamtaka radhi mamake, na ameniahidi ataletwa.