Sauti Iliyo Ndani ya Kaseti

Leo twazungumza nanyi juu ya vinasa sauti vya zamani, zile deki za kaseti ambazo wengi wetu tumezifunika kitambaa juu ya kabati.

Sisi tunazo nne nyumbani. Mama watoto ana maneno yake juu ya jambo hilo, wala hatutayaleta redioni.

Kaseti ilitolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963. Utepe wake haufiki upana wa milimita 4, nao hupita mbele ya hedi kwa mwendo usiotimia sentimita 5 kwa sekunde. Kwa hiyo uchafu kidogo tu waharibu sauti. Unga wa kahawia ubandukao kwenye utepe hunata juu ya hedi, na sauti za juu hupotea kwanza. Soprano huwa kama wanaimba ndani ya blanketi. Hapo yatosha pamba na spiriti safi. Lililo baya zaidi ni mikanda ya mpira iliyo ndani. Deki ikikaa miaka mingi, mpira hulegea, na mwingine hugeuka kama lami. Taa yawaka, nawe wadhani mashine ni nzima.

Hapo ndipo tulipokosa. Mjane mmoja alituletea kaseti. Mwaka 1984 mumewe alikuwa akifanya kazi Mombasa, na kwa kuwa mama huyu hakujua kusoma, alimtumia sauti badala ya barua. "Mchungaji," akasema, "nataka wajukuu wamsikie babu yao."

Tuliona taa, tukaitia kaseti kwa haraka. Mkanda ulikuwa umelegea. Gurudumu la kupokea utepe halikuzunguka, utepe ukajaa ndani ya mashine. Tuliutoa polepole, tukaurudisha kwa penseli. Shubiri moja ilikuwa imekunjamana.

Tulibadilisha mkanda, tukasafisha hedi, tukajaribu kwanza kwa kaseti isiyo na thamani. Kisha sauti ya marehemu ikatoka, akiuliza habari za ng'ombe na karo ya shule. Penye mikunjo ikazama, kama sekunde nne hivi.

"Hapo alikuwa akitaja jina langu," mama akasema. Hakutulaumu. Akaomba tuirudishe nyuma, na ilipofika pale akalitaja mwenyewe, wajukuu wakisikiliza.

Kaseti ile tumeinakili mara mbili, tukavunja vile vijino viwili vya mgongoni, mtu asije akanasa kitu kingine juu yake.

Bwana awe nanyi.