Nepi za Khanga na Ndoo za Maji

Leo tuzungumze habari ya nepi.

Zamani hapa pwani mtoto akizaliwa, bibi alitoa khanga kuukuu, akazikata nepi. Siku hizi tunanunua pampasi. Pampasi huvaliwa mara moja tu, kisha hutupwa. Ina plastiki ndani, haiozi. Tukiitupa Mto Pangani, inakwenda baharini kwenye samaki wetu.

Haya, tufanye hesabu. Doti moja ya khanga ni vipande viwili. Kila kipande kinatoa nepi nne. Jumla nepi nane, na mtoto atazivaa miezi mingi.

Lakini tuzitunze. Kinyesi kwanza kitupwe chooni. Tufue kwa sabuni, tusuuze, tuanike juani. Zikikauka tuzipige pasi pande zote mbili. Kwa nini? Kuna nzi hutaga mayai kwenye nguo mbichi, na funza wake huingia ngozini mwa mtoto.

Limebaki jambo la maji. Akina mama wanatuuliza, "Nepi nane, ndoo ngapi?" Wanasema kweli. Basi akina baba wenzetu, baiskeli tunazo, madumu tunayo. Tukitaka fedha ibaki nyumbani, nasi twende kisimani. Mtoto ni wetu sote.